Ile Chupa ya Jivii Nyumbani Mwetu

Ni wachache miongoni mwetu ambao hawajapata kumwona mtoto aliyepakwa rangi ya zambarau mdomoni. Tumewaona kliniki, tumewaona kanisani wakiwa mgongoni mwa mama zao, na wengine tulipakwa sisi wenyewe tulipokuwa wadogo, tukaenda shule tukachekwa na wenzetu. Chupa yenyewe ni ndogo, imeandikwa herufi mbili, GV, nasi tumezoea kuiita jivii. Jina lake kamili ni jentiani vayoleti. Bei yake si kubwa, haihitaji friji, na matone machache yanatosha. Kwa sababu hizo imekaa majumbani mwetu miaka mingi, juu ya kabati, kando ya sindano na nyuzi.

Mwezi huu tumeona yafaa tuizungumzie dawa hii tuliyoizoea. Kitu kilichozoeleka mara nyingi hakiulizwi maswali. Kilichotusukuma ni kisa cha mwenzetu mmoja aliyeolewa Getanuwas, ambaye ameturuhusu tukieleze ili akina mama wengine wapate kujifunza.

Yaliyompata mwenzetu

Getanuwas ni kata katika wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Ni nchi ya wakulima na wafugaji, Wairaqw na Wabarbaig wakiishi jirani. Mama mwenye mgonjwa mahututi hutazama ama Haydom, upande wa Mbulu, ambako kuna hospitali ya Kilutheri tangu mwaka 1955, ama Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang. Mvua zikinyesha, safari ya kwenda upande wowote si ya mchezo. Ndiyo maana mama wa huko hujitahidi kwanza na kile alicho nacho nyumbani.

Mwenzetu alijifungua mtoto wake wa tatu, msichana, wakati wa masika. Siku ya pili mama mkwe wake, mzee mwenye upendo aliyekwisha kulea wengi, alikinyunyizia kitovu majivu, kama alivyofundishwa na mama yake mzazi. Siku ya tano kitovu kilikuwa na majimaji na harufu mbaya. Mwenzetu hakutaka kumvunjia mama mkwe heshima. Alitafuta chupa ya jivii iliyobaki tangu mtoto wa pili alipokuwa na utando mweupe mdomoni, akapaka kitovu na ngozi yote inayokizunguka, asubuhi na jioni, mpaka tumbo likawa zambarau tupu. Moyo wake ukatulia. Dawa si imepakwa?

Siku ya saba mtoto akawa mlegevu. Akiwekwa titi, alinyonya mara mbili tatu kisha akaacha. Hakulia sana, na watu wa nyumbani wakasema, "Mtoto huyu mpole kweli." Usiku mwili ukawa wa moto. Alfajiri baba wa mtoto aliazima pikipiki ya jirani, wakaondoka.

Hospitalini muuguzi alilowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akaanza kufuta polepole. Rangi haikutoka yote, lakini ilipofifia, ngozi ilionekana imevimba, na wekundu ulikuwa umetambaa kutoka kitovuni kwa upana wa kiganja.

"Mama, wekundu huu una siku ngapi?" muuguzi aliuliza.

Mwenzetu hakuweza kujibu. Hakuwahi kuuona.

Mtoto alidungwa sindano kwa siku kumi, akapona. Leo ni msichana wa shule, mcheshi na mbishi. Lakini mama yake anasema bado analisikia swali lile. Hakumpuuza mwanawe, alimhudumia kila siku, asubuhi na jioni. Kosa lake lilikuwa kuiamini rangi, akadhani kwamba palipopakwa pamekwisha kutibiwa.

Kosa hilo ni letu sote. Basi na tuifahamu dawa hii: imetoka wapi, inafanya nini, na inaishia wapi.

Rangi ya nguo iliyogeuka dawa

Zamani rangi ya zambarau ilikuwa kitu cha wakuu na matajiri. Tunamkumbuka Lidia wa Thiatira katika Matendo ya Mitume, mama mfanyabiashara aliyeuza zambarau. Rangi bora ya namna hiyo ilitolewa kwa konokono wa baharini, wengi sana kwa nguo moja, na bei yake ilikuwa ya kutisha.

Mambo yalibadilika mwaka 1856 huko London. Kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata tope jeusi, na lilipoyeyushwa katika spiriti likatoa rangi nzuri ya zambarau. Hiyo ikawa rangi ya kwanza ya kiwandani kuuzwa sana, na wakemia wa Ulaya wakaanza kushindana kutafuta nyingine. Mwaka 1861 huko Paris, Charles Lauth alitengeneza zambarau ya jamii ile ambayo baadaye ilizaa jivii yetu. Jina jentiani lilitokana na ua la milimani lenye rangi inayofanana nayo. Wengi hudhani kwamba dawa hii imekamuliwa kutoka kwenye ua hilo. Sivyo, ni rangi ya kiwandani tangu mwanzo.

Ilipata kazi ya uganga kwa njia ya darubini. Mwaka 1884 huko Berlin, daktari Mdenmark aliyeitwa Hans Christian Gram aligundua kwamba bakteria wengine huishika sana rangi hiyo, na wengine huiacha ikisafishwa kwa spiriti. Hata leo mtaalamu wa maabara anapochunguza usaha au maji ya uti wa mgongo hutumia njia ya Gram. Miaka michache baadaye, Jakob Stilling, daktari wa Strasbourg, alionyesha kwamba rangi za namna hii haziwapaki bakteria tu, bali zinaweza pia kuwazuia wasizaliane. Hivyo ndivyo rangi ya nguo ilivyoingia katika kabati la dawa.

Inafanya nini hasa?

Jivii hupenya katika miili ya vijidudu na kuvuruga maisha yake. Inawaweza vizuri baadhi ya bakteria wanaoleta usaha kwenye ngozi, na pia fangasi wanaoleta utando mweupe mdomoni mwa mtoto. Lakini kuna bakteria wengine wengi wasioidhuriwa sana nayo. Vilevile haiui mbegu ngumu za pepopunda, ambazo hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama.

Jambo la kukumbuka zaidi ya yote ni hili: jivii hufanya kazi pale ilipogusa tu. Haiingii katika damu kwenda kutafuta ugonjwa. Vijidudu vikishapita ngozi na kuingia ndani, unaweza kumpaka mtoto chupa nzima bila kuvifikia. Hapo panatakiwa vidonge au sindano, na saa zinahesabika.

Jinsi ya kuitumia vema

Katika mafunzo ya kutibu magonjwa ya watoto yaliyoenezwa na Shirika la Afya Duniani tangu miaka ya 1990, na kupokelewa mapema hapa Tanzania, jivii ilipewa kazi chache zilizo wazi. Ukipewa na mhudumu wa afya, fuata maelezo yake, nawe uzingatie haya.

Kwa vipele vichache vyenye usaha juu ya ngozi: nawa mikono kwa sabuni. Osha mahali hapo polepole kwa maji na sabuni ili usaha na magaga yatoke. Kausha kwa kitambaa safi. Paka dawa ya nguvu ya asilimia 0.5, yaani nusu gramu katika mililita 100 za maji. Nawa tena mikono. Fanya hivyo mara mbili kwa siku kwa siku tano. Kwa mtoto mchanga usianze mwenyewe, aonwe kwanza.

Kwa vidonda vya mdomoni, kama vile vinavyofuata surua: viringisha kitambaa laini safi kwenye kidole, uloweshe kwa maji ya chumvi, umsafishe mtoto mdomo. Kisha paka dawa ya nusu nguvu, asilimia 0.25. Ukipewa ile ya asilimia 0.5, muulize mhudumu akuonyeshe namna ya kuipunguza: kipimo kimoja cha dawa kwa kipimo kimoja cha maji yaliyochemshwa na kupozwa. Dawa kali mdomoni mwa mtoto huweza kuleta vidonda vipya badala ya kuponya vile vya zamani. Paka kidogo, mtoto hapaswi kuimeza kwa wingi.

Mtoto mwenye surua haponi kwa kupakwa mdomo. Apelekwe kituoni apimwe na apewe vitamini A, kwa maana surua huweza kuharibu macho na mapafu. Na iliyo bora kuliko zote ni chanjo: ya kwanza mtoto akiwa na miezi 9, ya pili akiwa na miezi 18. Akina mama wengi huikumbuka ile ya kwanza na kuisahau ya pili, mtoto akishaanza kukimbia.

Tunza chupa mahali pa juu, ikiwa imefungwa vizuri, mbali na jua na mbali na mikono ya watoto. Usiihamishie katika chupa ya soda. Mvalishe mtoto nguo ya zamani siku za kupaka, kwa sababu doa lake halitoki kwa urahisi. Mikono yako ikichafuka, spiriti kidogo itasaidia.

Mahali ambapo jivii haifai

Kwanza, machoni. Inaweza kuliunguza jicho. Hata masikioni usitie bila kuagizwa, kwa maana ngoma ya sikio huenda imetoboka.

Pili, kwenye kidonda kirefu kilicho wazi, hasa usoni. Rangi inaweza kunasa chini ya ngozi kama chale, ikabaki hapo maisha yote. Binti hatakushukuru kwa hilo.

Tatu, kwenye moto. Nyumba zetu nyingi zina mafiga, na uji wa moto haumngoji mama arudi kutoka kisimani. Mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, umvue nguo zisizoganda kwenye ngozi, umfunike kwa kitambaa safi, umpeleke kituoni. Ukimpaka jivii, mganga hataweza kuona moto umeingia kiasi gani. Mafuta, dawa ya meno na asali ya mtungini navyo viacheni.

Nne, jambo linalowahusu sana wenzetu wa nchi za mifugo kama Hanang na Mbulu. Katika maduka ya dawa za mifugo kuna dawa ya zambarau ya kupulizia vidonda vya ng'ombe na mbuzi. Rangi inafanana, lakini kopo lile lina mchanganyiko wa dawa nyingine uliopimwa kwa ajili ya mnyama. Liwekwe huko huko lilikopangiwa. Lisimpulizwe mtoto.

Tano, kitovu cha mtoto mchanga, kama huna aliyekichunguza. Tumeona ya mwenzetu: rangi inaficha wekundu, na wekundu ndio unaosema hatari.

Kitovu kitunzwe vipi?

Hapa ndipo akina mama na mama wakwe hukosana kimya kimya. Mmoja analeta majivu, mwingine samli, mwingine jivii. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni mwepesi kuliko yote hayo: kitovu kiwe safi na kikavu. Nawa mikono kabla ya kukigusa. Usikifunge. Kunja nepi chini yake kisilowe mkojo. Usipake kitu. Kitakauka na kuanguka chenyewe.

Ipo dawa nyingine ya kitovu iitwayo klorheksidini. Kisiwani Pemba ilijaribiwa kwa watoto wachanga zaidi ya 36,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha kwamba ilipunguza vifo vya watoto kwa kiasi cha kutegemewa kuliko kitovu kikavu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba dawa hiyo itumike katika juma la kwanza pale tu ambapo watu wamezoea kupaka kitovu vitu vyenye madhara, kama kinyesi cha mnyama. Mahali pengine, usafi na ukavu vyatosha.

Kinga ya pepopunda nayo huanza kabla mtoto hajazaliwa. Mama mjamzito akichomwa chanjo yake kliniki, humpa mtoto kinga tumboni, na wembe safi siku ya kuzaa huilinda kazi hiyo.

Ukiona kitovu kina usaha, au ngozi yake imekuwa nyekundu, mpeleke mtoto siku hiyo hiyo bila kupaka kitu. Na ukiona moja kati ya haya, usingoje kukuche: mtoto ameacha kunyonya, amelegea au haamki vizuri, mwili una moto au umekuwa baridi, anapumua upesi, mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, ametetemeka kwa degedege, wekundu wa kitovu umetambaa tumboni, au vipele vya usaha ni vingi. Mtoto mchanga mgonjwa mara nyingi halii kwa nguvu. Yule "mpole" anayekataa titi ndiye wa kukimbizwa.

Utando unaorudi

Utando mweupe mdomoni ni wa kawaida kwa watoto wachanga, na mara nyingi hutibika upesi kwa jivii ya nusu nguvu au kwa dawa nyingine kama nistatini, isiyotia rangi. Mama naye aangaliwe matiti, kwa maana wanaweza kuambukizana.

Lakini utando ukirudi kila mara, au ukimpata mtoto aliyekwisha kukua, huenda kinga ya mwili imepungua. Hapo mhudumu anaweza kushauri mama na mtoto wapimwe virusi vya Ukimwi. Tunajua neno hilo linavyotisha nyumbani. Kuna mama aliyependelea kupaka jivii miezi mitatu mfululizo kuliko kwenda kupimwa. Dada yetu, nyakati zimebadilika. Siku hizi dawa zipo, na mtoto anayeanzishiwa mapema anaweza kukua, kusoma na kuoa au kuolewa. Usiitumie chupa ndogo kufunika jambo kubwa. Mwombe baba wa mtoto mwende pamoja. Akisita, nenda, naye atafuata.

Je, ni kweli inaleta saratani?

Wengi wameuliza hivyo, nasi tunajibu kwa kadiri tunavyojua. Panya waliolishwa rangi hii kwa wingi kila siku, kwa muda mrefu wa maisha yao, walipata uvimbe wa saratani. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 serikali ya Kanada iliwaonya wananchi wake waache kutumia dawa zenye jivii. Mwaka 2021 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani kwa binadamu.

Neno "huenda" lina uzito wake. Halisemi kwamba mtoto aliyepakwa siku tano ataugua, na mama aliyekwisha kumpaka mwanawe asikose usingizi. Linatuambia tusiifanye kuwa mazoea ya kila siku: tuitumie tukiagizwa, kidogo, kwa siku chache, juu ya ngozi isiyo na kidonda kirefu. Mama mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza kabla ya kujipaka wenyewe. Na pale penye dawa nyingine iliyo bora, tukubali kubadilishiwa.

Neno la mwisho

Hatuandiki haya ili uitupe chupa yako leo. Jivii imewatuliza watoto wengi mahali ambapo duka la dawa liko mbali. Tunakuomba tu ufanye alilojifunza mwenzetu wa Getanuwas. Kabla ya kupaka, fungua dirisha upate mwanga, utazame ngozi ya mtoto vizuri, ukumbuke ulichokiona. Kesho utazame tena. Kama hali haipungui kwa siku mbili, au kama kuna jambo linalokutia mashaka, fuata njia ya kituoni.

Mwenzetu amezaa mtoto wa nne tangu hapo. Safari hii alikaa na mama mkwe mapema, wakiwa wanachambua maharage, akamweleza alivyofundishwa. Mzee alisikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, majivu nilipewa na mama yangu, nasi hatukuwa na kingine. Kama wewe unacho kilicho bora, kilete." Kitovu cha mtoto huyo hakikupakwa kitu. Kila asubuhi bibi mwenyewe alimbeba mpaka mlangoni penye jua, akakitazama.